Mtoto alipata matone, mbona ameharisha tena? Historia ya kirusi chenye umbo la gurudumu

Leo ni historia, ila ni historia ya kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona kwa macho yake matupu.

Tuanze na jina la eneo letu. Ukiandika "West Nile" kwenye simu, mara nyingi haikuletei Arua wala Koboko. Inakuletea ugonjwa. Mwaka 1937 watafiti wa homa ya manjano waliokuwa Entebbe walipata kirusi kipya kwenye damu ya mwanamke mmoja wa Omogo, wilaya ya West Nile. Wakakipa jina la wilaya. Mpaka leo mtu akiumwa na mbu huko Marekani na kupata homa hiyo, sisi ndio tunatajwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliomba magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali. Kwetu ombi lilifika limechelewa.

Lakini kirusi hicho sicho kinachowaamsha mama zetu usiku. Hapa Ludara kinachowaamsha ni mtoto anayetapika, halafu anaharisha maji, halafu macho yanaingia ndani na analia bila machozi. Siku moja chini ya mwembe mama mmoja aliuliza: "Alipata matone yote mawili, kadi ninayo. Mbona ameharisha tena?" Kabla mtu hajajibu, jirani yake akadakia: "Si nilikwambia? Virusi vinabadilika kila siku. Chanjo yenyewe imetoka kwa mtoto wa Wazungu. Itajuaje virusi vya hapa?"

Tulinyamaza, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Virusi vinabadilika. Na chanjo kweli ilianzia kwa mtoto wa Marekani, nitawaeleza. Makala hii ni kuhusu ile nusu ya pili: kuna sehemu ya kirusi ambayo haibadiliki, na historia yote ya kupambana na ugonjwa huu ni historia ya watu walioitafuta sehemu hiyo.

WAKATI HAKUNA ALIYEJUA

Zamani daktari akiletewa mtoto anayeharisha alitafuta bakteria kwenye kinyesi. Mara nyingi hakuona kitu. Akaandika kwenye faili kwamba mtoto ameharisha, sababu haijulikani.

Watu wa kawaida hawawezi kukaa na "haijulikani". Walitafuta sababu yao. Mtoto anaharisha zaidi kati ya miezi 6 na miaka 2, na meno nayo yanatoka wakati huohuo. Basi wakasema ni meno. Sehemu nyingi za Uganda imani hiyo ilikwenda mbali zaidi: ati ni meno ya uongo yamejificha kwenye fizi, yakiachwa yataua mtoto. Anaitwa fundi, anayachimba kwa kitu chenye ncha, wakati mwingine hata spoku ya baiskeli. Wapo watoto waliokufa kwa damu na kwa kidonda hicho, si kwa kuharisha.

Wengine walimlaumu mama. Maziwa yake yamechafuka. Amepata mimba nyingine mapema. Hajui kutunza. Wandugu, fikirieni mama ambaye amezika mtoto halafu anaambiwa ni yeye. Kwa hiyo kulijua jina la adui hakukuwa kazi ya maprofesa peke yao. Lilikuwa jambo la haki kwa mama.

Jina lilipatikana mwaka 1973, Melbourne, Australia. Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo sana vya utumbo mwembamba wa watoto waliolazwa kwa kuharisha, wakaviangalia kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya seli wakaona vitu vya mviringo, vingi, vimejazana. Mwaka uliofuata Thomas Flewett wa Birmingham, Uingereza, akasema vinafanana na gurudumu dogo lenye spoku fupi. Gurudumu kwa Kilatini ni "rota". Hapo tukapata jina: virusi vya rota.

NDAMA NA MTOTO WA MTU

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu hapa ndipo hadithi yetu inaanza kweli.

Miaka michache kabla, mwaka 1969, Charles Mebus na wenzake huko Nebraska, Marekani, walikuwa wameshapata kirusi kwenye ndama wanaoharisha. Hakuna aliyejali sana upande wa hospitali. Ng'ombe ni ng'ombe, mtu ni mtu. Lakini mwaka 1974 Flewett na wenzake waliviweka virusi hivyo viwili pamoja, cha ndama na cha mtoto, wakavipima kwa kingamwili. Kingamwili ni vile vitu ambavyo mwili unatengeneza ili kumkamata adui unayemjua. Kumbe kingamwili za upande mmoja zilikitambua kirusi cha upande wa pili.

Maana yake nini? Virusi viwili, kimoja cha zizini na kingine cha mwanadamu, vimeachana muda mrefu, kila kimoja kimebadilika kivyake. Lakini kuna kitu ndani yao ambacho kimebaki kilekile. Ndicho watafiti wanachokiita sehemu iliyohifadhiwa.

Nieleze kirusi chenyewe kilivyojengwa. Kina tabaka tatu, kama mtu aliyevaa shati, sweta na koti. Koti la nje limeshonwa kwa protini mbili, VP7 na VP4. Sweta la katikati ni VP6. Shati la ndani ni VP2, na humo ndani zimefungwa mashine za kunakili. Katikati kabisa kuna vipande 11 vya RNA, na hayo ndiyo maandishi yenye maelekezo ya kutengeneza kirusi kingine.

Kila kirusi kinapoingia kwenye seli ya mtoto, maandishi hayo yananakiliwa mara nyingi sana, na mashine ya kunakili haina mtu wa kusahihisha. Makosa yanaingia kila mahali, kwenye koti na kwenye mashine pia. Watu wengi wanafikiri sehemu iliyohifadhiwa ni sehemu ambayo makosa hayaingii. Hapana. Makosa yanaingia, ila kirusi chenye kosa hapo hakizai.

Chukua baiskeli. Badilisha rangi, badilisha kiti, funga kengele nyingine, itatembea. Lakini kata meno mawili ya gia ili yasishikane na mnyororo, hautafika hata sokoni. Ukikaa kando ya barabara ya Koboko kuhesabu baiskeli zinazopita, utaona rangi za kila aina, na gia zote zinafanana. Si kwamba gia haziharibiki. Zilizoharibika zimebaki nyumbani.

Ndivyo ilivyo kwa kirusi. Koti linaweza kubadilika na kirusi kikaishi, tena linamsaidia kumponyoka adui. Lakini VP6 lazima ishikane na koti kwa nje na na shati kwa ndani, kwa hiyo haina nafasi kubwa ya kucheza. Mashine ya kunakili nayo lazima itambue mahali pa kuanzia. Vile vipande 11 vya virusi vya rota vinavyoambukiza watoto wengi vina mwisho unaofanana: herufi UGUGACC. Mashine inatambua UGUG kama mlinzi anavyotambua kadi. Kipande kisicho na kadi hiyo hakinakiliwi, hadithi yake inaishia hapo.

Hii imetusaidia nini sisi? Jambo la kwanza ni kipimo. Vipimo vya kawaida vya rota vinavyopima kinyesi vinatafuta VP6. Kwa sababu VP6 haibadiliki ovyo, kipimo kilekile kinafanya kazi Kampala, Blantyre, Dhaka na London. Bila hivyo kila nchi ingehitaji kipimo chake, na kila miaka michache kingekuwa takataka.

NJIA NDEFU YA CHANJO

Kama ndama na mtoto wa mtu wana virusi vya ukoo mmoja, kwa nini usimpe mtoto kirusi cha ndama kilichodhoofishwa, mwili ukajifunza bila kuumwa? Wazo hilo lilikuwa zuri. Mwaka 1983 Timo Vesikari na wenzake wa Finland walitangaza kwamba chanjo ya namna hiyo imewakinga watoto wao. Watu walifurahi.

Halafu ikaletwa Afrika. Majaribio ya Rwanda, yaliyotangazwa mwaka 1986, yalionyesha kwamba chanjo ileile haikuwakinga watoto. Gambia nako, mwaka 1987, matokeo yalikuwa dhaifu. Hebu ona: chanjo moja, Finland inafanya kazi, Rwanda haifanyi. Kama angekuwepo yule jirani yetu wa chini ya mwembe angesema, "Mmeona?" Na siku hiyo angekuwa na hoja.

Watafiti wakagawanyika. Wengine walisema tatizo ni koti. Virusi vya rota vinapewa majina kwa makoti yao: herufi G kwa VP7, herufi P kwa VP4. Ndiyo maana unasikia G1P[8] au G2P[4]. Afrika kuna mchanganyiko mkubwa, na aina kama G8 na P[6] zinaonekana huku kuliko Ulaya. Hao walisema lazima chanjo ivae makoti mengi. Marekani wakatoa chanjo ya namna hiyo mwaka 1998, iliyotengenezwa kwa kirusi cha nyani. Mwaka 1999 ikaondolewa, kwa sababu watoto wachache walipata tatizo la utumbo kuingia ndani ya utumbo. Miaka mingine ikapotea, na watoto wa nchi maskini wakaendelea kufa kwa kitu ambacho kwa watoto wa Marekani mara nyingi kilikuwa cha kulazwa siku chache tu.

Lakini katikati ya miaka hiyo, mwaka 1996, utafiti mmoja kutoka Mexico ulifungua macho. Watoto 200 walifuatiliwa tangu kuzaliwa. Mtoto aliyeshaambukizwa virusi vya rota mara mbili, hata bila kuumwa, hakupata tena ugonjwa wa rota wa wastani au mkali. Aliweza kuambukizwa tena, aliweza kuharisha kidogo, lakini si ule wa kuua. Na alikingwa hata kama kirusi kilichofuata kimevaa koti lingine. Mwili ulikuwa umejifunza kitu kipana kuliko koti.

Ndipo likaja wazo la chanjo tunayoijua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtoto mmoja wa Cincinnati, Marekani, aliumwa rota. Richard Ward na David Bernstein walichukua kirusi chake, aina ya G1P[8], na kikadhoofishwa kwa kukuzwa tena na tena kwenye maabara. Kirusi kimoja, koti moja, cha mtoto wa Marekani. Jirani yetu hapo hakukosea. Chanjo hiyo inaitwa Rotarix. Kampuni nyingine ikaenda njia ya pili, ikachukua kirusi cha ndama na kukivalisha makoti ya watu, ikaitwa RotaTeq.

Safari hii hawakuruka Afrika. Rotarix ilijaribiwa Afrika Kusini na Malawi, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Afrika Kusini ilizuia karibu asilimia 77 ya rota kali. Malawi karibu asilimia 49. Ukisoma haraka utasema Malawi wamepunjwa. Soma tena. Malawi virusi vya G1, vile vinavyofanana na chanjo, vilikuwa vichache sana kati ya vilivyoonekana, na bado chanjo iliwakinga watoto dhidi ya aina nyingine. Na kwa kuwa Malawi watoto wengi zaidi wanaumwa, kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka mmoja chanjo ilizuia karibu visa 7 vikali. Afrika Kusini ilizuia karibu 4. Asilimia ndogo, watoto waliookolewa wengi zaidi.

Kwa nini asilimia ishuke kwetu? Maelezo makubwa yako kwenye tumbo la mtoto kuliko kwenye koti la kirusi: utapiamlo, minyoo na vijidudu vingine vinavyojaza utumbo, na kingamwili nyingi kutoka kwa mama zinazoidaka chanjo kabla haijafundisha mwili. Yaani umaskini unakula chanjo. Hilo ni la kuwaambia wenye bajeti ya maji na chakula, sio la kumwambia mama aache kliniki.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya rota kwa nchi zote mwaka 2009. Rwanda, ileile iliyoshindwa mwaka 1986, ilianza kuitoa mwaka 2012. Tanzania ikafuata, Kenya ikaanza mwaka 2014, na huko Kilifi na Siaya watoto wanaolazwa kwa rota walipungua kwa zaidi ya nusu. Uganda ilianza mwaka 2018: matone mdomoni, wiki ya 6 na wiki ya 10. Kabla ya hapo, hesabu ya mwaka 2008 inasema rota iliua watoto wapatao 450,000 duniani kwa mwaka mmoja, na zaidi ya nusu walikuwa wa nchi tano tu. Moja ni Kongo, ambako wengi wetu tumetoka.

MBUZI, NGURUWE NA SISI

Na je, virusi vya hapa Uganda? Tunavijua. Mwaka 2017 Josephine Bwogi wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe na wenzake walichapisha usomaji wa maandishi yote, vile vipande 11, vya virusi vya rota vya watu na vya wanyama vilivyokusanywa Uganda kati ya 2012 na 2014. Waliona virusi vilivyochanganya vipande vya binadamu, vya ng'ombe, vya mbuzi na vya nguruwe.

Inawezekanaje? Virusi viwili vikiingia kwenye seli moja, vipande vyao vinaweza kuchanganyika, kama watu wawili wanaocheza karata wakarudisha zote mezani na kugawa upya. Hapa kwetu mbuzi analala karibu na nyumba na mtoto anatambaa walipopita kuku na nguruwe. Nafasi ya kuchanganya ipo.

Lakini ona kitu: karata zinaweza kuchanganywa kwa sababu ni za pakiti moja. Kipande cha mbuzi kinaweza kufanya kazi ndani ya kirusi cha mtoto kwa sababu kadi ya mlinzi ni ileile na mashine inafanana vya kutosha. Hali ileile ya kutobadilika inayotupa kipimo na chanjo ndiyo inayompa kirusi nafasi ya kubadilishana koti na ndugu yake wa zizini. Kwa hiyo kazi ya maabara haiishi siku chanjo inapoanza. Lazima mtu aendelee kusoma.

KWA HIYO MBONA AMEHARISHA?

Sasa tunaweza kumjibu mama yule kwa heshima, bila kumdanganya.

Kwanza, chanjo haizuii rota yote. Inazuia hasa ile kali. Mtoto aliyechanjwa anaweza kuharisha siku mbili akapona, na bila chanjo labda angefika hospitali.

Pili, rota sio kirusi pekee. Mwaka 1968 watoto wa shule moja katika mji wa Norwalk, Ohio, walianza kutapika kwa wingi, na mwaka 1972 Albert Kapikian akakiona kirusi chenyewe. Kikaitwa kwa jina la mji, kama walivyotufanya sisi, na sasa kinaitwa noro. Koti la noro linabadilika haraka zaidi, kila baada ya miaka kadhaa aina mpya inazunguka dunia. Moja ilipewa jina la Sydney, mwaka 2012. Mashine yake ya kunakili nayo imehifadhiwa, na maabara zinakikamata kwa kusoma mahali ambapo sehemu ya mashine inakutana na sehemu ya koti. Kuna pia virusi vya adeno na vya astro, kuna bakteria, kuna vimelea. Matone ya rota hayawajui hao. Mama hakudanganywa na kadi. Adui ni wengi na chanjo ni ya mmoja, yule anayeua zaidi.

MLANGO AMBAO UNABAKI WAZI

Hapa nataka tumalizie na historia yetu wenyewe, ya wakimbizi.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma watu karibu milioni 10 kuvuka mpaka kuingia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kililipuka kambini. Maji ya mishipa yakaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawakuliamini: akachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea kwenye maji, akayaweka kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawa wanachota kwa vikombe na kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Kwa nini ilifanya kazi? Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha sukari na chumvi pamoja, na maji yanafuata nyuma yao. Robert Crane alikuwa ameueleza mlango huo tangu 1960. Kipindupindu hakiufungi. Virusi vya rota vinaharibu seli nyingi za juu ya utumbo, lakini haviziharibu zote, na mlango unaobaki unatosha kwa watoto wengi. Kwa hiyo huhitaji kujua ni rota, noro au kipindupindu kabla ya kuanza. Adui anabadilisha koti, mlango wa mtoto ni uleule. Kirusi kina sehemu yake isiyobadilika, na sisi tuna yetu.

Ujuzi huo ulithibitishwa kambini, na mikono iliyoshika vikombe ilikuwa ya mama, shangazi na kaka, wakimbizi kama sisi. Leo pakiti ya ORS iko kila pembe ya dunia, na wengi hawajui imepita wapi.

Lakini ujuzi peke yake haumnyweshi mtu. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma, ilikuwa imepita miaka 23 tangu Bongaon. ORS ilikuwa inajulikana vizuri. Bado watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, kwa sababu maji hayakutosha na watu wa kuwanywesha wagonjwa mapema walikuwa wachache. Baadhi yetu tuna wazazi waliopita Goma mwaka huo.

Sisi wa hapa tunaishi karibu na pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana. Wenyeji wetu wa Ludara wenyewe walikimbia kuvuka mpaka baada ya 1979, wanajua kambi ni nini. Mbuzi wanavuka, watu wanavuka, virusi vinavuka bila kitambulisho. Kwa hiyo kijana unayesoma hii, kazi yako sio kubwa lakini ni yako.

Jirani akisema virusi vinabadilika, mkubalie, halafu mwambie habari ya gia na ya Malawi. Mama mwenye mtoto mchanga mkumbushe wiki ya 6 na ya 10, maana matone haya ni ya watoto wadogo na wakati ukipita unapita. Mtoto akianza kuharisha, usisubiri kujua sababu: ORS kwa maji safi kama pakiti inavyosema, kidogokidogo kwa kijiko hata kama anatapika, ziwa la mama liendelee, na dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu, beba uende kituoni hata kama ni usiku. Na mtu akitaja meno ya uongo, simama mbele ya huyo fundi.

Yule mama wa chini ya mwembe alikuwa na kadi mkononi wakati anauliza. Alikuwa ametembea mara mbili mpaka kliniki, jua kali, mtoto mgongoni. Alistahili jibu siku ileile. Tulichelewa, mama. Jibu ndilo hili.